Fimbo Moja Chini

Mke wa mpimaji alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi tangu asubuhi na mapema, mfuko wa nailoni mapajani, na hakutaka chai wala maneno ya kumpoza. Kaka yake alikuwa anazikwa alasiri hiyo. Mume wake alikuwa mahabusu, nyuma ya ukuta uleule aliouegemea, akituhumiwa kusababisha kifo cha huyo kaka.

"Sikuombi umwachie," alimwambia Inspekta. "Nakuomba uniambie ukweli kabla sijaenda makaburini. Kama alipika vile vipimo kwa uvivu wake, sirudi kwake tena. Nitakaa kwa mama na watoto wangu. Kama hakupika, niambie pia. Ila usiniambie upelelezi unaendelea. Hiyo nimeisikia mpaka nimeikinai."

"Marehemu mwenyewe hakuwahi kulalamika kuhusu vipimo?"

"Kaka yangu?" Mwanamke alitabasamu bila kutaka. "Kaka yangu alikuwa halalamiki wala haulizi. Ukimwelekeza kitu, anakwambia 'najua' kabla hujamaliza. Nyumbani tulimwita Bwana Najua. Na kweli alikuwa anajua."

Inspekta, ambaye askari wenzake walimwita Kupe akiwa hayupo, na mara nyingine akiwepo, hakuwa mtu wa kutoa ahadi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kung'ang'ania jambo mpaka limchoke. Lakini aliyatazama macho ya yule mama, mekundu na makavu, akajikuta anasema, "Kabla ya mazishi. Haya."

Alijuta kabla hajafika kwenye gari. Mkuu wa kituo alitaka jalada liende kwa mwendesha mashtaka siku hiyohiyo, na kule kwenye kisima cha mafuta alikofia marehemu, kampuni ilikuwa imeshaleta saruji ya kuziba shimo.

Kesi yenyewe ilionekana imeiva. Kisima cha mafuta hakishuki wima kama watu wanavyodhani; bomba lake linakwenda likipinda huku na huku chini ya ardhi. Ndani ya bomba hushushwa fimbo za chuma, moja imeungwa na nyingine, mpaka kwenye pampu kule chini kabisa. Juu ya ardhi kuna mtambo wa kuzivuta na kuzishusha fimbo hizo, ambao wafanyakazi wanauita Punda kwa jinsi unavyoinamisha kichwa na kukiinua kutwa nzima. Penye kona, fimbo hubanwa ukutani na kusugua bomba. Kazi ya mpimaji ni kushusha kifaa kwa waya, kupima bomba limeinama wapi, kisha kukokotoa fimbo zitaubana ukuta kwa nguvu kiasi gani, na mwisho kusema: hapa pana nguvu kubwa, wekeni fimbo zenye pete za plastiki za kukinga chuma, hapa pametulia, wekeni pampu. Akidanganya, nani ataingia shimoni kuchungulia?

Marehemu, ambaye kazini walimwita Kocha, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kikosi kilichoshusha fimbo hizo. Siku ya ajali alisikia Punda anagonga vibaya. Akausimamisha kwa breki, akaingia chini ya vyuma vya uzito kuangalia. Akiwa huko, fimbo ikakatika kisimani. Vyuma vile vilivyokuwa vimesawazishwa na uzito wa fimbo vikakosa kinachovishikilia, breki ikazidiwa, vikamshukia.

Fimbo ilikuwa imekatikia mahali pasipo na pete. Na mlinzi wa geti alikuwa ameshaandika maelezo kwamba tangu mtambo wa kuchimba uondoke pale, gari la vipimo halikuingia hata mara moja. Sasa namba za vipimo zilitoka wapi? Meneja wa kampuni alikuwa na jibu: mpimaji alinakili za kisima cha jirani, akazigeuzageuza kidogo, akaenda kulala. Mpimaji mwenyewe, tangu akamatwe, hakukataa wala kukubali.

*

Walipofika uwanjani, Inspekta na koplo aliyekuwa akimwendesha, fundi wa kukata vyuma alikuwa ameshawasha gesi. Fimbo zote zilikuwa zimelazwa kwenye magogo, safu baada ya safu, zikisubiri kukatwakatwa na kuuzwa chakavu. Pembeni, mashine ya saruji ilikuwa inazunguka.

"Zima hiyo," alisema Inspekta.

Fundi alimtazama Meneja. Meneja, kijana aliyevaa kofia ngumu isiyo na hata mkwaruzo, alikuja mbio.

"Inspekta, hivi ni vyuma vibovu."

"Ni ushahidi."

"Tulishavipiga picha zote."

"Nani alipiga?"

"Sisi wenyewe."

"Mmejipiga picha wenyewe. Hongereni. Mwambie azime."

Gesi ikazimwa. Meneja alivuta pumzi kama mtu anayejizuia mbele ya mama mkwe. "Shimo lile lina gesi inayovuja. Lazima lizibwe leo. Siwezi kusubiri."

"Zibeni shimo. Fimbo hizi msiziguse. Zimelazwa kwa mpangilio gani?"

"Kama zilivyotoka kisimani. Ya juu kabisa ile pale, ya chini kabisa huku. Ndiyo kawaida ya kikosi. Hata wakiwa wamechoka vipi, fimbo hazichanganywi."

"Na siku ya kuzishusha, nani alizihesabu?"

"Kocha mwenyewe. Kwa mdomo wake, fimbo kwa fimbo, amesimama pale kwenye mdomo wa kisima. Huyo alikuwa hakosei hesabu, Inspekta. Muulize yeyote."

Inspekta alivua koti, akalitupa kwenye bega la koplo, akaanza kutembea kando ya safu akipapasa kila fimbo kwa kiganja. Jua lilikuwa kali. Koplo alimfuata huku akilalamika chini kwa chini kwamba polisi wenzake wanapapasa milango ya benki, yeye anapapasa chuma kilichojaa grisi.

"Unasema?"

"Nasema kazi nzuri, Afande."

Fimbo iliyokatika haikuhitaji kutafutwa. Ilikuwa imelika upande mmoja mpaka ikawa bapa, ikang'aa kama kijiko cha zamani. Fimbo iliyoifuata kwa chini ilikuwa na pete, na pete zake zilikuwa zimesuguliwa. Fimbo iliyofuata tena ilikuwa na pete pia, lakini hizo zilikuwa mpya kabisa, hata maandishi ya kiwandani yalisomeka.

"Umeona, Inspekta?" Meneja alisema. "Pete ziko mahali pasipotakiwa. Mtu alibuni."

Inspekta alimpita. Aliendelea kushuka na safu. Alipapasa chuma kizima, kizima, kizima, mpaka koplo akaanza kupiga miayo. Kisha kiganja kikasimama. Fimbo nyingine ilikuwa bapa upande mmoja, haijakatika bado lakini ilikuwa njiani. Chini yake, fimbo mbili zenye pete: za kwanza zimesuguliwa, za pili mpya.

Hapo alisahau jua. Alitembea haraka zaidi, karibu anakimbia, grisi ikimfika viwikoni. Mbele kabisa, karibu na mwisho wa safu, alikuta ya tatu. Fimbo bapa, pete zilizosuguliwa, pete mpya. Mpangilio uleule.

"Meneja, mpimaji alisema kisima hiki kina kona kali ngapi?"

"Tatu."

"Na kila kona iwekewe fimbo ngapi zenye pete?"

"Mbili."

"Njoo uone. Kona ya kwanza, fimbo mbili zenye pete zimewekwa fimbo moja chini ya panapohitajika. Kona ya pili, fimbo moja chini. Kona ya tatu, fimbo moja chini." Alijifuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo angelijutia baadaye. "Mtu anayebuni namba anakosea hovyo. Hapa atazidisha, pale atapunguza, kwingine ataweka kona isiyokuwepo. Huyu kakosa mara tatu, na mara zote tatu kakosa kwa kimo kilekile na upande uleule. Huyo hakubuni. Huyo alizijua kona zote tatu."

Meneja aliinama kuzitazama zile pete. "Basi kwa nini pete ziko chini?"

"Sijui," alisema Inspekta, na hilo lilimuuma. Jua lilikuwa limeshapita utosini, na wakati huo huenda jeneza lilikuwa linatolewa ndani.

*

Mlinzi wa geti alikuwa mzee aliyenyooka, shati limepigwa pasi, na alirudia maelezo yake neno kwa neno kama mtu anayesoma habari redioni. Tangu mtambo wa kuchimba uondoke, gari la vipimo halijaingia. Alikuwa tayari kula kiapo.

"Sina shaka nawe, mzee wangu," alisema Inspekta kwa unyonge. Alikuwa amesimama karibu na mdomo wa kisima, anatazama chini. Kuuzunguka mdomo ule kulikuwa na alama nne kubwa kwenye zege, mahali palipokandamizwa na kitu kizito kweli. "Hapa palisimama nini?"

"Mtambo wa kuchimba. Miguu yake hiyo."

"Na wafanyakazi walikuwa wanasimama wapi? Hapa chini?"

"Hapa wangesimamaje, mwanangu? Palikuwa pamejaa mabomba. Walikuwa wanafanyia kazi juu, kwenye meza ya mtambo. Unapanda ngazi mpaka magoti yanalia."

Inspekta aliinua kichwa polepole.

"Mzee, gari la vipimo liliwahi kuja mtambo ukiwa bado umesimama?"

"Lilikuja. Mpimaji alipanda huko juu na kifaa chake, akashinda siku nzima. Nilimpelekea maji ya kunywa mimi mwenyewe."

Koplo alipiga kofi kwenye paji la uso wake. Inspekta alijikaza. "Na hilo hukulisema kwa nini?"

"Aliyeniuliza alisema: tangu mtambo uondoke." Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ningejibu nisichoulizwa?"

Mtambo wenyewe haukuwa mbali. Ulikuwa umehamishiwa kisima cha jirani, umesimama vilevile kwa miguu yake minne. Inspekta aliagiza fimbo moja nzima ibebwe mpaka pale, na watu wanne waliibeba huku ikiyumba katikati. Wakaisimamisha wima kando ya mguu wa mtambo, mmoja akiishikilia kutoka ngazini. Ncha yake ya chini iligusa ardhi. Ncha ya juu ilifika kwenye meza ya mtambo, na mtu aliyekuwa juu akaishika bila kuinama sana.

"Fimbo moja," alisema koplo.

"Meneja," aliita Inspekta. "Visima vingine mnapima lini?"

Meneja alikuwa ameshavua kofia. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mtambo ukishaondoka. Mpimaji anasimama chini, anaanza kuhesabu kina kwenye mdomo wa kisima. Hiki tulikuwa na haraka nacho. Tuliomba kipimwe kabla, nami nikalisahau hilo mpaka sasa hivi."

"Kwa hiyo hiki peke yake alianza kuhesabu akiwa huko juu. Sifuri yake ilikuwa mezani. Anayeshusha fimbo alitakiwa kuondoa kimo cha meza kwanza, ndipo ahesabu. Asipokiondoa, kila kitu kinakwenda chini kwa kimo hicho. Fimbo moja." Alitazama ile fimbo ikiyumba kwa upepo. "Vipimo vilikuwa sahihi. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila aliyepima na aliyehesabu hawakuanzia mahali pamoja."

Hakuna aliyesema jina la aliyehesabu. Wale watu wanne walioishika fimbo walikuwa wa kikosi cha Kocha, na mmoja wao aligeuza uso.

*

Mpimaji aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na shati alilokamatwa nalo. Alikuwa mtu mrefu aliyejikunja, mikono katikati ya magoti. Inspekta hakukaa.

"Ulipima ukiwa juu ya meza ya mtambo."

Mikono ilikazana.

"Kona tatu zimekoswa kwa fimbo moja, zote tatu. Mlinzi alikuona. Alikupelekea maji. Ungesema neno moja tu siku ya kwanza, ungelala kwako. Umekaa humu kama bubu, mkeo yuko tayari kukuacha, wewe unatazama sakafu. Kwa nini?"

"Inspekta, acha tu jalada liende."

"Liende na kosa ambalo hukulifanya?"

"Unajua nyumbani kwao wanasemaje leo?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wanasema shemeji yangu aliuawa na mtu mvivu. Wanalia, wananilaani, lakini wanamlilia mtu wao asiye na doa. Mama mkwe anaweza kuinuka asubuhi akanichukia mimi. Ukiandika hayo uliyoyaona, ataamka amchukie nani? Watoto wa Kocha utawaambia nini? Kwamba baba yao alihesabu vibaya akajiua mwenyewe?"

"Ulimwambia kwamba sifuri iko mezani?"

"Sikumwambia," alijibu haraka mno. "Nilisahau. Kosa ni langu. Liandike hivyo."

Inspekta aliegemea meza. Aliyazoea majibu ya watu wanaojitetea, hata usingizini angeyatambua. Hili lilikuwa jipya kwake, na lilimtia huzuni, na huzuni ilimfanya awe mkali.

"Sikiliza. Kosa lililoandikwa jaladani ni kupika vipimo. Hilo limekufa. Mkuu nimeshampigia, unatoka kwa dhamana sasa hivi. Mengine tutayaandika baada ya mazishi, na tutayaandika yalivyo. Mkeo nilimwahidi ukweli, na yuko hapo nje."

"Usimwambie."

"Nilishaahidi," alisema Inspekta, akafungua mlango.

*

Mke wa mpimaji hakuwa amehama kwenye benchi. Aliwaona wote wawili wakitoka, akasimama, mfuko ameukumbatia.

"Hakupika," alisema Inspekta. "Alipima, na alipima vizuri."

Mwanamke alifumba macho, kisha akayafungua. Alikuwa mshonaji, na Inspekta alilijua hilo, kwa hiyo alimweleza kwa lugha ya kazi yake. "Ni kama mtu mmoja ampime mteja suruali, mteja akiwa amevaa viatu vya visigino virefu, halafu mwingine aikate akidhani alipimwa peku. Futi ni nzima, mkasi ni mzima. Nguo ndiyo inaharibika."

"Aliyekata ni nani?"

Inspekta alikuwa ametoa habari mbaya nyingi maishani mwake, na hakuna hata moja iliyomfundisha namna ya kutoa inayofuata. "Kaka yako ndiye aliyehesabu fimbo."

Pale kaunta askari wa zamu aliacha kuandika. Mwanamke alikaa tena, polepole, kana kwamba benchi limesogezwa. Hakulia. Alimtazama mume wake, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta kama mtu asiyejua ameruhusiwa kwenda wapi.

"Sikumwambia," mpimaji alisema. "Nilipaswa kumwambia nimeanzia juu, nikasahau. Kosa ni langu, mama watoto. Siyo lake."

"Umekaa humu ndani siku zote hizi huna neno," alisema mkewe, "na leo umepata moja tu, nalo ni la uongo."

"Nilisahau."

"Wewe? Wewe unayenikumbusha kufunga gesi nikiwa nimeshafika barabarani?"

Mumewe alianza kukung'uta vumbi kwenye mkono wa shati.

"Nataka kujua kitu kimoja. Alipokujibu 'najua', wewe ulifanya nini?"

Mpimaji aliutazama mlango, akamtazama Inspekta kama anayeomba msaada, na Inspekta hakuwa na wa kumpa.

"Nilicheka," alisema. "Alisema, 'Najua, shemeji, najua,' hata sijafika mwisho. Kikosi kizima kikacheka. Nami nikacheka, nikashuka zangu ngazi."

Kilio kilimtoka mwanamke wakati huo, kifupi, akakizuia kwa kiganja. Alipoondoa kiganja, alifungua ule mfuko wa nailoni aliokuwa ameushikilia tangu asubuhi. Ndani mlikuwa na shati jeupe la mume wake, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri.

"Hata mimi ningecheka," alisema. "Vua hilo. Mama asikuone hivyo."

Inspekta alimwambia koplo awashe gari, kwa kuwa kwa miguu wasingewahi. Mpimaji alivalia palepale kwenye korido, lakini alipofika chini kifungo kimoja kilikuwa kimekosa tundu. Alibaki anakitazama. Mkewe alisogea, akavifungua vyote, akaanza upya kuvifunga kutoka juu.